Maisha ya Michael Faraday, na Umeme Unaowasumbua Vijana Wetu

Katika kurasa hizi tumezoea kukutana na habari za maaskofu, wamisionari na mashahidi wa imani. Safari hii twawaletea habari za mtu ambaye hakuwa kasisi, wala hakuwa Mwanglikana, na ambaye vijana wetu wa sekondari hulitaja jina lake kwa kunung'unika. Huyo ni Michael Faraday, Mwingereza aliyezaliwa tarehe 22 Septemba 1791. Mwanafunzi yeyote afikaye kwenye mada ya umeme unaozalishwa kwa sumaku, ambayo shuleni huitwa induksheni, na ile ya transfoma inayoifuata, lazima akutane naye. Wengi wakifika hapo hukata tamaa, na mara waruhusiwapo kuchagua masomo huiacha fizikia moja kwa moja. Kwa kisiwa kama chetu cha Mafia, kinachohitaji mafundi na walimu wa sayansi waliozaliwa hapa hapa, hasara hiyo si ndogo.

Jambo wasiloambiwa vijana hawa ni kwamba makosa wanayoyafanya katika mada hiyo, na kuchekwa kwayo, baadhi yake yalifanywa kwanza na wataalamu wakubwa wa Ulaya, na Faraday mwenyewe akiwemo. Ndiyo sababu maisha yake yafaa kusimuliwa.

Alizaliwa Newington, kusini ya mto Thames, mahali ambapo leo ni sehemu ya jiji la London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi mwenye afya mbovu; siku nyingine alifanya kazi, siku nyingine hakuweza kuinua nyundo. Mwaka 1801 nafaka ilipopanda bei, Michael alipewa mkate mmoja tu wa kumtosha juma zima. Elimu yake ya shule ilikuwa kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Alipokuwa na umri wa miaka 13 akawa mtoto wa kutumwa kwa muuza vitabu mmoja, George Riebau, akipeleka magazeti nyumba kwa nyumba, na mwaka 1805 Riebau akamchukua awe mwanagenzi wa kujalidi vitabu kwa miaka 7. Vitabu alivyopewa avijalidi alivisoma. Katika kamusi kubwa ya elimu, Encyclopaedia Britannica, alikuta makala ya umeme. Na kitabu cha kemia cha mama mmoja, Jane Marcet, ndicho kilichomfungua macho, naye alimheshimu mama huyo maisha yake yote.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kwenda kusikiliza mihadhara ya Humphry Davy, mtaalamu wa kemia aliyekuwa na sifa nyingi, katika taasisi ya Royal Institution. Faraday aliandika yote aliyoyasikia, akachora michoro, akayajalidi yakawa kitabu, akampelekea Davy mwenyewe pamoja na barua ya kuomba kazi. Hapo ufundi wa kujalidi ulimfaa kuliko cheti chochote. Mwezi wa Machi 1813 akapokelewa kuwa msaidizi wa maabara, akapewa na vyumba viwili ghorofani. Mwaka huo huo alifuatana na Davy na mkewe katika safari ya Ulaya; alijifunza mengi, lakini mke wa Davy alimtendea kama mtumishi wa nyumbani, naye akavumilia.

Habari za dini yake hazina budi kuelezwa, maana bila hizo hafahamiki. Alikuwa mshiriki wa Wasandeman, kikundi kidogo cha Wakristo kilichotokana na watu waliojitenga na Kanisa la Scotland katika karne ya 18. Wazee wao walihubiri bila mshahara, na baada ya ibada ya asubuhi ya Jumapili wote walikula pamoja chakula cha upendo, kisha wakarudi katika ibada ya alasiri. Kujiwekea mali walikuona kuwa ni kinyume cha Maandiko. Mwaka 1821 Faraday alimwoa Sarah Barnard wa ushirika huo huo, na muda mfupi baadaye akaikiri imani yake mbele ya wote. Hawakujaliwa mtoto. Alikuwa mzee wa kanisa kuanzia mwaka 1840. Mwaka 1844 alitengwa pamoja na wengine kwa majuma machache, akarudishwa, lakini uzee wa kanisa hakuupata tena mpaka mwaka 1860. Mtu ambaye wakati huo alijulikana Ulaya nzima alikaa kimya miaka yote hiyo kwenye benchi la washiriki. Sisi Waanglikana wa Mafia, tulio wachache katikati ya jirani zetu Waislamu, twaweza kuelewa upesi zaidi kuliko watu wa jiji kubwa jinsi ushirika mdogo unavyomshika mtu.

Sasa tuingie katika umeme wenyewe. Mwaka 1820 huko Copenhagen, Hans Christian Oersted alionyesha kwamba waya wenye mkondo wa umeme husogeza sindano ya dira. Yaani umeme unafanya kazi ya sumaku. Papo hapo wataalamu wakajiuliza kinyume chake: je, sumaku nayo yaweza kufanya umeme? Miaka 11 ikapita bila jibu, na si kwamba walikosa vifaa.

Walikosa kwa sababu ya wazo moja walilokuwa nalo wote, ambalo ndilo hasa walilo nalo wanafunzi wetu: kwamba sumaku yenye nguvu ikikaa karibu na waya, au waya wenye mkondo ukilazwa kando ya waya mwingine, umeme utatokea na kuendelea kutokea maadamu vimekaa hapo. Mwaka 1825 Faraday alilaza nyaya mbili sambamba, zikitengwa na karatasi. Mmoja aliuunga kwenye betri, na mwingine kwenye galvanomita, yaani chombo chenye sindano inayoonyesha mkondo wa umeme. Akatazama, asione kitu. Mwaka huo huo huko Geneva, Jean-Daniel Colladon aliiunga koili ya waya na galvanomita, na kwa kuogopa kwamba sumaku yake ingeivuta sindano akakiweka chombo hicho katika chumba kingine kwa nyaya ndefu. Akaiingiza sumaku ndani ya koili, kisha akatembea kwenda kutazama. Sindano ilikuwa imetulia. Nayo ilikuwa imekwisha kucheza na kurudi mahali pake wakati yeye angali njiani! Uangalifu wake ndio uliomnyima ugunduzi, kwani angekuwa na mtu mmoja tu wa kutazama sindano katika chumba cha pili, huenda leo wanafunzi wangesoma jina lake badala ya la Faraday.

Tarehe 29 Agosti 1831 Faraday alichukua pete ya chuma, nene kiasi cha sentimeta 2 na upana wake wote kiasi cha sentimeta 15. Upande mmoja aliizungushia koili za waya wa shaba, na upande wa pili koili nyingine, zisizogusana na zile za kwanza. Kila safu ya waya aliitenga na nyingine kwa kamba na kitambaa cha pamba. Waya wa upande wa pili aliupitisha juu ya sindano ya sumaku iliyokuwa umbali wa futi 3 hivi. Alipouunga upande wa kwanza kwenye betri, sindano ikatikisika, kisha ikatulia. Betri ikaendelea kufanya kazi, na sindano imetulia tuli. Alipoikata betri, sindano ikatikisika tena.

Mtu mwingine angesema chombo kimeharibika, maana alitafuta mkondo wa kudumu akapata mtikisiko wa kitambo kidogo. Faraday aliutafakari mtikisiko ule majuma kadhaa. Tarehe 17 Oktoba akaizungushia waya bomba la karatasi, akaiingiza ndani yake sumaku yenye umbo la fimbo: sindano ikacheza. Akaiacha sumaku ndani: sindano ikatulia. Akaichomoa: sindano ikacheza upande wa pili. Basi siri ikafichuka. Sumaku hata iwe na nguvu namna gani haizalishi umeme kwa kuwapo tu. Kinachozalisha ni mabadiliko ya nguvu za sumaku zinazopita ndani ya koili, na kadiri mabadiliko yanavyokuwa ya haraka ndivyo umeme unavyokuwa mkubwa.

Hapa ndipo mwanafunzi anapopoteza alama. Akiulizwa kwa nini galvanomita inasoma sifuri wakati sumaku imo ndani ya koili, huandika kwamba sumaku ni dhaifu. Mpelekee baiskeli yenye dainamo. Ndani ya ile dainamo mna sumaku, nayo imo humo usiku kucha baiskeli ikiwa imeegemea ukuta, na taa haiwaki. Zungusha gurudumu, taa itawaka. Zungusha kwa kasi, itawaka zaidi. Vilevile sumaku na koili vikisogezwa pamoja kwa mwendo mmoja na kuelekea upande mmoja, hakuna umeme, kwani kati yao hakuna kilichobadilika.

Kosa jingine la jamii hiyo linawashinda hata wanafunzi wazuri. Huambiwa kwamba koili ya jenereta inapozunguka, kuna wakati nguvu za sumaku zinazopita ndani yake zimefikia kilele, na wakati huo huo volti yake ni sifuri. Wao huona haiwezekani. Lakini mtoto wa Chole au Juani analijua jambo hili bila kufundishwa. Maji yakiwa yanajaa, mkondo wa Kinasi hukokota ngalawa. Yakisha kujaa kabisa, kina kimefika mwisho, ngalawa husimama. Mkondo haufuati wingi wa maji yaliyomo ghubani, unafuata jinsi yanavyoongezeka au kupungua. Mfano huu haufai kwa kila jambo la umeme, lakini kwa hili unafaa kabisa.

Ile pete ya chuma, wasomaji, ndiyo mama wa transfoma zote, pamoja na zile zilizo juu ya nguzo mjini Kilindoni. Na kwa bahati mbaya ndiyo chanzo cha makosa mawili. La kwanza latokana na picha ya kitabuni: pete upande huu, betri upande huu, sindano upande ule. Kijana akiona hivyo huamini kwamba transfoma yaweza kufanya kazi kwa betri, akaandika kwamba ukiiunga na betri ya volti 12 itatoa volti 240 mfululizo. Haitoi. Kama ilivyokuwa kwa Faraday, itatoa mshtuko mmoja wakati wa kuunga na mwingine wakati wa kukata. Katikati hakuna kitu, isipokuwa koili ya kwanza kupata moto na pengine kuungua. Transfoma hutaka umeme unaogeuka-geuka wenyewe, kama huu wa TANESCO, ambao huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ule mvumo usikikao chini ya transfoma ni chuma kinachotikisika kwa mageuzi hayo. Ndugu zetu wa vijijini wenye paneli za jua na betri, wakitaka kuwasha televisheni ya kawaida, hutumia inveta. Kazi ya inveta ni kuugeuza kwanza umeme wa betri uwe wa namna hiyo.

Kosa la pili ni kudhani kwamba umeme huingia kwa waya wa kwanza, ukapita ndani ya chuma, ukatokea kwa waya wa pili. Kile kitambaa cha pamba chajibu: Faraday alikiweka makusudi ili umeme usipate njia. Kinachopita katika chuma ni nguvu za sumaku, na kubadilika kwake ndiko kunakozaa umeme mpya katika koili ya pili. Tena mafundi huunda chuma cha transfoma kwa mabati membamba yaliyotengwa moja na jingine, kusudi mikondo ya umeme inayozaliwa ndani ya chuma chenyewe izuiwe, maana hiyo ni hasara tupu na joto la bure.

Tarehe 28 Oktoba 1831 Faraday aliizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa mali ya Royal Society, akapata mkondo wa kudumu. Hiyo ndiyo jenereta ya kwanza, na mashine za dizeli za Kilindoni, ambazo kwa miaka mingi ndizo zilizoipa Mafia umeme, ni vitukuu vyake. Tarehe 24 Novemba habari zake zilisomwa mbele ya wataalamu wa Royal Society. Huko Marekani Joseph Henry naye alikuwa ameligundua jambo hilo hilo peke yake, ila alichelewa kulitangaza.

Mwaka 1834 Heinrich Lenz wa St. Petersburg aliongeza kanuni ya upande ambao mkondo huo huelekea, na hapa pia vijana hujikwaa. Hukariri kwamba mkondo unaozalishwa huipinga sumaku. Sivyo, hupinga badiliko. Ukiingiza ncha ya kaskazini, koili huisukuma; ukiichomoa, koili huivuta isiondoke. Jaribio lake ni rahisi: pata kipande cha bomba nene la shaba, dondosha ndani yake sumaku ndogo yenye nguvu. Itashuka polepole kama inayozama katika asali, ingawa shaba haivutwi na sumaku hata kidogo. Kama mkondo ungeisaidia sumaku badala ya kuizuia, sumaku ingekwenda ikiongeza kasi yenyewe, na umeme ungepatikana bila gharama, jambo ambalo Mungu hakulijalia katika ulimwengu huu. Aliyewahi kupanda mchanga wa Utende kwa baiskeli na dainamo imegusa tairi anajua kwamba taa ile inalipiwa kwa miguu.

Kwa sababu hiyo hiyo transfoma haiongezi nguvu ya umeme. Hili ndilo kosa kubwa katika hesabu zake. Kijana aliyefundishwa kanuni ya Ohm huona volti ikipanda, akapandisha na mkondo. Katika transfoma volti ikipanda mkondo hushuka, maana wati zinazotoka haziwezi kuzidi zilizoingia. Kwa kweli hupungua kidogo. Tuseme nyumba na maduka kadhaa yanatumia wati 23,000. Kwa volti 230 mkondo ni ampea 100, na kama waya wa kutoka kwenye mashine una ukinzani wa omu 1, waya huo utapoteza wati 10,000 kwa joto. Kwa volti 11,000 mkondo ni kama ampea 2 tu, na hasara katika waya ule ule haifiki wati 5. Hii ndiyo sababu ya nyaya ndefu kubeba volti 11,000 au 33,000 nchini mwetu, na ya transfoma kusimama karibu na makazi kuishusha. Transfoma zenyewe za kazi hiyo zilikamilishwa na wahandisi watatu wa Budapest, Zipernowsky, Déri na Bláthy, mwaka 1885, wakati Faraday yuko kaburini miaka 18.

Yeye hakuandika kanuni hata moja kwa hesabu. Hakuijua hesabu ya juu. Alifikiri kwa picha, akiona mistari ya nguvu za sumaku imeenea angani. Ni James Clerk Maxwell aliyekuja kuzigeuza picha hizo kuwa hesabu katika miaka ya 1860. (Watoto wasilifanye hili kuwa kisingizio: mtihani wa Kidato cha Nne hautahiniwi na Faraday.) Lakini ni kweli kwamba kijana anayekariri uwiano wa mizunguko ya koili bila kuwa na picha yoyote kichwani, akikosea kuugeuza uwiano huo hana njia ya kujua amekosea.

Fedha na vyeo havikumsumbua. Alikuwa akilipwa vizuri na wenye viwanda kwa kuwapimia vitu, akaipunguza sana kazi hiyo ili apate muda wa utafiti. Alikataa kuwa Rais wa Royal Society. Kila Krismasi taasisi yake iliwaandalia watoto mihadhara, naye aliitoa katika miaka 19. Ule wa mshumaa mmoja tu, na mambo yote ya kemia yaliyomo katika kuwaka kwake, umechapishwa na kusomwa mpaka leo. Mwaka 1853, watu wa London waliposhikwa na wazimu wa kukaa mezani na kungoja mizimu iisogeze meza, alitengeneza chombo kilichoonyesha kwamba ni mikono yao wenyewe inayosukuma.

Kwa watu wa baharini alifanya jingine. Tangu mwaka 1836 alikuwa mshauri wa Trinity House, wasimamizi wa minara ya taa ya Uingereza. Mwezi wa Desemba 1858, katika mnara wa South Foreland, taa ya umeme uliozalishwa kwa sumaku zilizozungushwa na mashine ya mvuke iliwaangazia mabaharia kwa mara ya kwanza, na Faraday ndiye aliyekuwa ameikagua na kuithibitisha. Mwaka 1860, akiwa na umri wa miaka 68, alipita katika theluji kwenda kuikagua tena. Manahodha wanaoitafuta taa ya Ras Mkumbi, kaskazini ya kisiwa chetu, wanajua maana ya kazi hiyo.

Kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kumtoroka mapema, tangu kuugua kwake karibu na mwaka 1840. Ndiyo sababu daftari zake zina kila jambo, kwa tarehe na kwa namba. Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kukaa huko Hampton Court, na humo, ameketi kitini, alifariki tarehe 25 Agosti 1867. Hakutaka kuzikwa Westminster Abbey pamoja na wakuu. Alizikwa kwa maziko ya kimya katika makaburi ya Highgate, sehemu ya wasio wa Kanisa la Anglikana. Sarah alimfuata mwaka 1879. Kanisa letu liliweka jiwe la kumkumbuka katika Abbey mwaka 1931, karibu na kaburi la Newton, miaka 100 baada ya ile pete. Na pete yenyewe iko London katika Royal Institution, na kitambaa chake cha pamba kingali kimefungwa.